Salamu Kwanza, Dawa Awamu ya Pili

Nchi ya Taadhima haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe wanajua sababu: mchora ramani alikuja na kalamu zake akaanza kupima milima kabla hajamsalimu Mkuu wa Milima. Akarudishwa alikotoka. Tangu hapo Wataadhima wanaishi bila dunia kujua walipo, wala haiwasumbui. Ndani ya nchi yao kila mtu anajua vizuri nani yuko juu yake na nani yuko chini yake, na kwao huko ndiko kujua mahali ulipo.

Ukitaka kuielewa nchi hii, shika jambo moja. Taadhima hakuna shughuli inayoanza kabla waliopo hawajatambuliwa. Si harusi, si mkutano, si mazishi, si kufungua bomba la mtaa. Anayesimama kusema aanze na mgeni rasmi, ashuke kwa mwakilishi wa mgeni rasmi, kwa walioambatana na mgeni rasmi, kwa waliotaka kuambatana naye wakakosa nafasi kwenye gari, mpaka amfikie mwenyekiti wa mtaa na mkewe. Akimruka mmoja, anaanza upya. Zamani walikuwepo wajanja waliosema tu "itifaki imezingatiwa" kisha wakaingia kwenye mada. Maneno hayo yakapigwa marufuku, na wa mwisho kuyasema hadharani ni mkuu wa zimamoto, siku soko la Makao, mji mkuu, lilipokuwa linaungua. Alihamishiwa idara ya nyuki. Aliyepewa nafasi yake alisalimia watu wote vizuri mno, na wazee wanaikumbuka hotuba ile mpaka leo, ingawa soko lenyewe hawakumbuki lilikuwa upande gani.

Huko ndiko alikozaliwa Stumai Kibwana, na ndiko alikoajiriwa na serikali kutunga kozi za mtandaoni.

Stumai alikuwa mwanamke wa maneno machache. Taadhima hiyo ni sababu tosha ya mtu kuombewa. Kwao ni Mkoleni, mji wa bondeni wenye tangi moja kubwa linalonywesha nyumba zote. Masika yaliyopita kipindupindu kiliingia Mkoleni kikamchukua baba yake, mzee Kibwana, aliyeamka akilalamika tumbo na jioni yake akawa hayupo. Na dawa ya maji ilikuwepo! Hilo ndilo lililomkereketa Stumai mpaka akakosa usingizi. Serikali ilikuwa imepeleka ndoo za dawa kila mji wenye tangi, ndoo zimefungwa barabara, zina picha ya Waziri wa wizara ya Stumai kwenye kifuniko. Ila hakuna aliyewaambia wahudumu wa matangi kwamba dawa inatiwa kiasi gani. Mji mmoja ulitia kiganja. Mji mwingine ulimimina ndoo nzima, kanga za watu zikageuka nyeupe na mbuzi wakahama. Mkoleni hawakutia kitu, kwa sababu waliogopa kuichana picha ya Waziri.

Basi Stumai aliporudi kazini kutoka msibani aliomba jambo moja tu, aachiwe atunge kozi ya wahudumu wa matangi. Mama yake, Bi. Mwajabu, alikuwa bado Mkoleni, bado anakinga kwenye bomba lile lile, na masika mengine yalikuwa njiani.

Alikaa na simu ya bei ya chini, kama walizonazo wahudumu wenyewe, akajiuliza: huyu mtu akimaliza kozi, awe anaweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza? Aweze kupima dawa na kuitia. Basi. Yote yasiyosaidia hapo akayatupa. Akapiga picha za mikono ikifungua ndoo, mikono ikipima kina cha maji kwa kamba, mikono ikichota dawa. Sauti aliyoweka ni ya mtu anayeongea kama watu wanavyoongea. Kila somo lilikuwa fupi, bando haliliwi sana, na likiisha mhudumu anaweka simu mfukoni, anapanda kwenye tangi, anafanya alichokiona, anapiga picha na kuituma. Anajibiwa: sawa, endelea, au: hapa umekosea, rudia hivi.

Aliijaribu kwa mama yake alipokwenda kumjulia hali. Bi. Mwajabu aliishika simu mbali na uso, akakunja macho, akatazama mpaka mwisho.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Na baba yako kafa kwa kukosa hivyo tu?"

Stumai alichukua simu yake, akaaga, akarudi Makao na kozi yake.

Mkurugenzi wa Kozi, Bwana Abedi Shomvi, alikuwa mtu mpole sana. Hakuwahi kukataa kazi ya mtu. Alikuwa anaiongezea tu. Aliitisha kikao cha kuipitia kozi ya Stumai, watu wakajaa mpaka viti vya jikoni vikaletwa, maana kulikuwa na sambusa. Kozi ikaoneshwa ukutani. Ilipoisha, sambusa zilikuwa hazijafika hata kwa safu ya pili.

"Imeisha?" Bwana Shomvi akauliza, akipangusa vidole.

"Imeisha, Mkurugenzi."

"Nzuri. Nzuri sana, hongera dada Stumai. Lakini mbona inaanza ghafla? Mtu hujakaa sawa, unaambiwa fungua ndoo."

"Ndicho anachotakiwa kufanya, Mkurugenzi. Kufungua ndoo."

Hapo Bi. Leokadia akakohoa. Huyu alikuwa Afisa Itifaki Mkuu, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, na kukohoa kwake kulikuwa na uzito kuliko hotuba za wengine. "Nimetazama tangu mwanzo mpaka mwisho," akasema, "sijamwona Waziri."

"Yupo kwenye kifuniko cha ndoo," Stumai akasema.

"Kifuniko ambacho wewe umekifungua ukakiweka chini."

Kikao kizima kikaguna. Mtu mmoja aliacha kutafuna kabisa.

Kikao hicho ndicho kilichoamua kwamba kila somo litatanguliwa na salamu. Si kozi nzima, jamani, kila somo. Waziri asalimiwe, Naibu Waziri asalimiwe, Katibu Mkuu na manaibu wake, Mkurugenzi, na kwa kuwa waliohudhuria kikao nao wametoa mchango, watambuliwe wote kwa majina na vyeo. Yule aliyeleta viti vya jikoni akauliza kwa unyenyekevu kama naye ataingia. Akaingia.

Stumai alijitahidi. "Basi tuweke kitufe cha kuruka," akasema. "Anayetaka kusikiliza salamu asikilize, mwenye haraka abonyeze aende kwenye dawa."

Bi. Leokadia alivua miwani. "Kuruka? Mheshimiwa Waziri unamruka? Ukikutana naye barabarani utamruka?"

"Bi. Leokadia, watu watakufa."

"Watakufa wakiwa na adabu zao," Bi. Leokadia akasema, bila ubaya wowote, kama anayemtuliza mtoto.

Bwana Shomvi akafunga kikao kwa kumshukuru kila mtu, na shukrani zikachukua muda mrefu kuliko kikao. Stumai alitoka na kichwa kinamgonga. Alikaa chooni akalia, akanawa uso, akarudi kwenye meza yake kurekodi jina la mleta viti.

Kozi ikatumwa kwa wahudumu nchi nzima, pamoja na waraka. Waraka ulisema mambo mawili: hakuna mhudumu atakayegusa dawa kabla ya kupata cheti, na hakuna atakayejifunza namna ya kuigusa nje ya kozi, kwani kujifunza kiholela kunahatarisha ubora wa elimu. Adhabu ni kufukuzwa kazi.

Stumai akampigia simu mhudumu wa tangi la Mkoleni, mwanamume wa makamo aitwaye Zefania, mtu mwaminifu, mwenye bidii ya kutisha.

"Zefania, hujambo? Umefika wapi na kozi?"

"Shikamoo mwalimu! Nimefika kwa Naibu Katibu Mkuu."

"Nauliza umefika somo gani."

"La kwanza, mwalimu. Bando liliisha kwa Katibu Mkuu, nikanunua jingine. Ila kwa Waziri na Naibu wake, wee! Hata ukiniamsha usingizini nakutajia."

"Sikiliza Zefania. Achana na hayo. Ngoja nikwambie mwenyewe, ni jambo dogo tu. Chukua ndoo..."

"Mwalimu, mwalimu, tafadhali!" Zefania akapiga kelele, na Stumai akasikia anavyoiondoa simu sikioni. "Usiniharibie kazi. Nina watoto. Nimeshafika mbali, usinirudishe nyuma."

Akakata. Stumai akabaki ameishika simu, hasira imempanda mpaka masikio yanawaka, na asijue amkasirikie nani. Zefania alikuwa anatii, Bwana Shomvi alikuwa anaongezea, Bi. Leokadia alikuwa analinda heshima ya nchi. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa, na ndoo ilikuwa bado imefungwa.

Pole pole wahudumu wakasogea. Kuna waliofika mpaka mleta viti. Wachache, wenye ndugu wanaofanya kazi kwenye kampuni za simu, walianza kuona mikono ikikaribia ndoo. Ndipo asubuhi moja redio ikatangaza mabadiliko ya baraza. Waziri alipelekwa Uvuvi, wa Uvuvi akaletwa Masomo ya Mtandaoni, naye ni Mheshimiwa Dokta Polikarpi Mng'aro, bingwa wa samaki.

Siku hiyo hiyo simu za wahudumu wote ziliandika: Salamu zako zimepitwa na wakati. Tafadhali anza upya.

Stumai alirekodi upya. Dokta Mng'aro alikuwa na vyeo vingi kuliko mwenzake, kwa hiyo salamu zikanenepa. Zikawa nzito, simu za wahudumu zikawa zinaganda, nyingine zikapata joto mpaka zikazimika. Malalamiko yakamfikia Bwana Shomvi, naye kwa upole wake akamwita Stumai ofisini.

"Dada Stumai, wataalamu wanasema kozi ni nzito. Inabidi tupunguze."

"Asante, Mkurugenzi! Tena hata leo jioni naweza..."

"Nimeshapunguza. Nimeangalia ni nini kinachukua nafasi bila kusalimia mtu yeyote. Nikaona ni yale ya mwishoni, ya kupima na kutia. Tumeyapeleka awamu ya pili."

"Mkurugenzi," Stumai akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "ukitoa kupima na kutia, kinabaki nini?"

"Msingi," Bwana Shomvi akasema. "Kinabaki msingi."

"Awamu ya pili lini?"

"Baada ya kupokea mafanikio ya awamu ya kwanza."

Na mafanikio yalipokelewa, tena kwa kishindo. Mtihani ulifanyika kwenye simu. Maswali yalikuwa ya haki, yote yametoka kwenye kozi. Kati ya Naibu Waziri na Katibu Mkuu, nani anatangulia? Mleta viti anatajwa kabla au baada ya mpiga picha? Ufaulu kama huo haujapata kuonekana Taadhima tangu ianze. Wahudumu wote walipata cheti, na aliyeongoza nchi nzima, hakukosa hata swali, ni Zefania wa Mkoleni.

Kwa heshima hiyo mahafali yakapelekwa Mkoleni. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga, mitaro imefurika na vyoo vya bondeni vimefurika pamoja nayo, na maji ya bomba yakawa na rangi ya chai ya rangi. Stumai alikuwa anampigia mama yake kila siku: chemsha, mama, chemsha. Bi. Mwajabu akajibu kwamba anachemsha, mkaa umelowa, moshi umemmaliza macho, lakini anachemsha.

"Ila siku ya sherehe yenu sichemshi," akasema. "Nasikia Waziri atakunywa maji ya tangi mbele ya watu. Kama yeye anakunywa na mimi nakunywa. Tena hayo ni maji ya kozi ya mwanangu."

"Mama, usinywe kitu mpaka nifike."

"We Stumai, usinitanie. Mtaa mzima nimeshawaambia."

Stumai alifika Mkoleni siku ya sherehe na basi la wafanyakazi wa wizara, jua limetoka kali baada ya mvua. Uwanja umejaa. Meza kuu ilikuwa chini ya turubai, ina vitambaa na maua ya plastiki. Wananchi walikuwa juani, wamepewa kofia zenye maandishi NIMESALIMIA. Mama yake alikuwa safu ya mbele ya wananchi, amevaa gauni la Idi, kifua mbele. Pembeni ya uwanja ndiyo tangi lenyewe.

Zefania akaitwa aoneshe alichojifunza. Akalisogelea tangi, akasimama wima, akavuta pumzi, akaanza. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Dokta. Akashuka, akashuka, hakujikwaa popote, majina yanamtoka kama maji ya bomba zima. Alipomfikia mpiga picha, meza kuu walikuwa wanapangusa machozi. Kisha akapanda ngazi, akafungua mfuniko wa tangi, akachungulia ndani kwa heshima, akaufunga, akashuka. Makofi yakarindima mpaka kunguru wakaruka.

Stumai hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama ndoo ya dawa chini ya ngazi. Kifuniko kilikuwa mahali pake, na juu yake Waziri wa zamani anatabasamu. Akapenya katikati ya watu mpaka kwa Zefania.

"Zefania, umetia dawa?"

Zefania alimtazama kwa mshangao wa mtu mwema. "Kutia, mwalimu? Kutia si awamu ya pili?"

Wakati huo huo vijana wa hafla walikuwa wameshaanza kupita na masinia. Kwa kuwa Waziri alitaka taifa zima lione imani yake kwa kozi, chupa za maji ziliondolewa meza kuu, zikaletwa bilauri za maji ya tangi, na wananchi nao wakapewa vikombe vya plastiki. Wote wangoje, Mheshimiwa akinyanyua bilauri yake nao wanyanyue, wanywe pamoja na kamera zikiona.

Stumai alikimbia mpaka kwa mshereheshaji, ambaye bila shaka alikuwa Bi. Leokadia, akiwa na kipaza sauti. "Nipe niseme neno moja. Maji hayana dawa."

"Hayo ni maneno matatu," Bi. Leokadia akasema. "Na humo mgeni rasmi yuko wapi?"

"Bi. Leokadia, nakuomba kwa Mungu."

"Mimi sikunyimi, dada. Kipaza sauti hiki hapa. Tambua meza kuu, kisha sema unalotaka."

Afanyeje? Akakichukua, akaanza. Alizijua zile salamu kuliko mtu yeyote nchini, si ndiye aliyezirekodi? Akazishusha mbio mbio, jasho linamtoka: Mheshimiwa Dokta Polikarpi Mng'aro, Waziri, Mheshimiwa Naibu Waziri, Katibu Mkuu, manaibu wake, na akiwa ameshamfikia Mkurugenzi, huku anaona vikombe vinafika safu ya mbele, king'ora kikalia. Gari jeusi likaingia uwanjani. Mkuu wa Mkoa alikuwa amechelewa.

Watu wakasimama. Mkuu wa Mkoa akaketi, akarekebisha koti. Bi. Leokadia akainama kwenye sikio la Stumai.

"Anza upya," akasema.

Stumai alifungua mdomo. "Mheshimiwa Dokta Polikarpi Mng'aro," akasema, na macho yake yakaenda kwa mama yake. Bi. Mwajabu alikuwa amechoka kungoja. Jua limemchoma, koo limekauka, na yeye hakuwa mtu wa kungoja Waziri anyanyue bilauri ndipo anywe maji ya mwanawe. Akamwangalia Stumai, akatabasamu kwa fahari yote aliyokuwa nayo, akakipeleka kikombe mdomoni.

"Mama, usinywe!"

Kikombe kikasimama kwenye mdomo wa Bi. Mwajabu.

"Maji hayana dawa!" Stumai akapiga kelele, na sasa hakuna aliyeweza kumzuia. "Mwageni! Hayakutiwa kitu! Ndoo ile pale, haijafunguliwa! Mwageni jamani, ndiyo maji yaliyomuua baba yangu!"

Bi. Mwajabu akamwaga. Jirani yake akamwaga. Vikombe vikamwagwa safu baada ya safu, mpaka nyuma kabisa, mpaka chini pakawa tope. Hapakutokea swali, hapakuhitajika mtihani. Nadhani ndilo somo lililoeleweka haraka kuliko yote yaliyopata kutolewa katika nchi ya Taadhima, na halikuwa na salamu hata moja.

Kwenye meza kuu, bilauri zilikuwa bado zimejaa. Waziri alikuwa ameishika yake mkononi, uso umemvimba.

"Yule ni nani?" akauliza.

"Ni mtumishi wetu, Mheshimiwa," Bwana Shomvi akajibu. "Mtunzi wa kozi."

"Alikuwa anamsemesha nani?"

Bwana Shomvi akamtazama Bi. Leokadia. Bi. Leokadia akafikiri, akavaa miwani. "Kwa mujibu wa taratibu, Mheshimiwa, alimtambua mama yake. Meza kuu hakuitambua. Alikutaja wewe tu, akakatisha."

"Kwa hiyo sisi hakutusemesha."

"Hapana, Mheshimiwa. Sisi hakutusemesha."

"Basi hayatuhusu," akasema Waziri, na akanyanyua bilauri.

Naibu akanyanyua. Katibu Mkuu akanyanyua, manaibu wakafuata, kila mmoja kwa zamu yake, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Stumai alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walikunywa mpaka mwisho wakimtazama, na Mkuu wa Mkoa, kwa kuwa alichelewa, aliongezewa.

Hakufa mtu, tumshukuru Mungu na waganga wa hospitali ya Mkoleni. Lakini hospitali ile ina choo kimoja, na waliokuwepo wanasimulia kwamba foleni ilipangwa kwa vyeo, na kwamba Mheshimiwa mmoja aliyezidiwa akamtangulia aliye juu yake bado ana kesi.

Stumai alifunguliwa mashtaka ya nidhamu: kusema bila kutambua. Kamati ya kumsikiliza haijawahi kukaa, kwani wajumbe wote ni wale wale wa meza kuu, na kila akidi ikikaribia kutimia, mmoja anainuka na kutoka haraka. Bwana Shomvi alipopata nafuu aliandika ripoti. Kozi imefanikiwa kwa asilimia mia, ila imebainika kwamba salamu hazikutosha, kwa sababu hazikuwa na sehemu ya kuyatambua maji. Awamu ya pili imesogezwa mbele ili sehemu hiyo iandaliwe. Stumai akasimamishwa kazi, akakatazwa kulisogelea tangi lolote, akakusanya vitu vyake, akarudi kwa mama yake.

Mvua ilikuwa bado inanyesha Zefania alipopiga hodi. Alikuwa amelowa, cheti chake amekitia kwenye mfuko wa nailoni. Alikaa kwenye mkeka, akapewa uji, akauzungusha kikombeni bila kuunywa.

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa mwisho ameanza kuharisha," akasema. "Mwalimu, ile dawa inatiwa kiasi gani?"

Stumai alitaka kumgombeza. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima yamemkaa kooni, alikuwa nayo ya Shomvi, ya Leokadia, ya foleni nzima ya waheshimiwa. Akayameza. Akaleta kamba na kikombe cha kupimia, akamwonesha, akamwambia naye aoneshe. Zefania akakosea mara ya kwanza, akarekebishwa, akapatia. Uji ulikuwa haujapoa.

Akasimama, akashukuru, akafika mlangoni. Hapo akaganda. Kamba mkononi, uso umeelekea ndani, kama mtu aliyesahau kitu.

"Zefania, nini tena?" Stumai akauliza.

"Nangoja, mwalimu."

"Unangoja nini?"

"Neno la kufunga. Nani analitoa?"

Stumai alishika kichwa. Lakini Bi. Mwajabu, aliyekuwa akipepea mkaa wake uliolowa, macho yamemwiva kwa moshi, aliinuka kutoka pale jikoni, na kipepeo chake bado kipo mkononi.

"Natoa mimi," akasema. "Toka nyumbani kwangu uende kwenye tangi!"

Na Zefania akakimbia, kwenye mvua ile ile, bila kumsalimia mtu yeyote njiani.